Mwongozo Uliokua Pamoja na Programu

Watengenezaji wengi wa programu huuacha mwongozo hadi mwisho, kazi ikishakwisha na muda ukiwa umebaki kiduchu. Historia ya Unix, mfumo wa kompyuta uliozaliwa katika maabara za Bell huko Murray Hill, Marekani, inafundisha kinyume chake: kuandika mwongozo ni sehemu ya kutengeneza programu, na anayeitenga kazi hiyo huidhoofisha programu yenyewe.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye fedha. Waanzilishi wa Unix, Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao, walipotaka kununuliwa kompyuta ya PDP-11, uongozi haukuwa na hamu ya kugharimia mfumo mwingine wa uendeshaji, kwani Bell ilikuwa imejitoa katika mradi mkubwa wa mfumo wa aina hiyo, Multics, mwaka 1969. Wakaahidi zana za kuandaa hati, na mashine ikapatikana. Mwaka 1971 idara ya hataza ya Bell ikawa mteja wao: maombi ya hataza yalitakiwa kuwa na mistari yenye namba, na programu yao ya kupanga maandishi, roff, iliweza kuichapa hivyo. Kazi hiyo, ambayo wengi huiona ya pembeni, ndiyo iliyoupatia mfumo huo riziki.

Ushahidi wa pili ni mwongozo wenyewe wa Unix, uliotolewa tarehe 3 Novemba 1971. Maelezo ya kila amri yalifuata vichwa vilevile: jina, namna ya kuiandika, ufafanuzi, mafaili inayoyatumia, kasoro zake, na mwisho mwenye kuiandika. Yaliandaliwa kama maandishi ya kawaida, na maagizo ya mpangilio ya roff yakikaa kwenye mistari inayoanza na nukta: .sp iliacha nafasi, .ce iliweka mstari katikati. Hivyo mwandishi wa programu aliuhariri mwongozo kwa zana zilezile alizotumia kuandikia programu. Tena kichwa cha kasoro kilimlazimisha kusema ukweli hadharani, na kasoro anayoona haya kuiandika huelekea kurekebishwa kabla ya mwongozo kuchapwa.

Wapo watakaosema kwamba kurasa hizo zilikuwa kavu mno, zikimfaa mjuzi na kumtupa mgeni. Ni kweli, na waliozitunga walilitambua hilo. Toleo la saba la mwaka 1979 lilikuja na juzuu ya pili yenye makala ndefu, mojawapo ikiwa ya Brian Kernighan wa Bell kwa wanaoanza. Marejeo mafupi na mafunzo marefu ni kazi mbili, kila moja na msomaji wake. Wengine watasema kilicho muhimu ni maudhui, mpangilio ni urembo tu. Lakini msomaji wa mwongozo huwa amekwama, naye hana nafasi ya kusoma kurasa zote. Vichwa visivyobadilika humpeleka moja kwa moja kwenye jibu. Maudhui mema asiyoweza kuyafikia hayamfai kitu.

Kwa hiyo unayeandika programu leo, anza mwongozo siku unayoanza programu, uuhifadhi mahali pamoja nayo, na usione haya kuorodhesha kasoro zake. Pale maelezo yanapokushinda, usihangaike na sentensi: rudi kwenye programu, kwa kuwa huenda tatizo liko huko.