Rutshuru, kwao na watoto wasiopaona

Hapa Katindo kuna watoto wanaoambiwa kwao ni Rutshuru, na hawajawahi kufika. Ni kilomita kama 70 tu kaskazini mwa Goma. Barabara inapita Kibumba, Rugari na Rumangabo, Nyiragongo ikiwa kushoto na Mikeno kulia, hadi Rutshuru mjini na Kiwanja.

Wataalamu husema zamani maji ya ziwa Kivu yalielekea kaskazini, hadi ziwa Edward. Milima ya moto ikaziba njia. Leo Kivu inatokea Ruzizi, kusini, lakini mto Rutshuru ungali unateremka Edward, na kutoka huko maji yanafika Nili, mpaka Misri! Udongo wa milima hiyohiyo ndio ulioilisha Goma maharage na mahindi.

Mwaka 1925 Wabelgiji walitenga mbuga kwa ajili ya ngagi, wakaiita Albert, jina la mfalme wao. Sasa ni Virunga, makao yake Rumangabo. Huko Vitshumbi wavuvi wanagawana ziwa na viboko. Wageni walitoka Ulaya kuyaona hayo.

Mzazi aliyekimbia Kiwanja Oktoba 2022, vita vilipoufikia mji, anauliza lingine: shamba lake msimu huu limelimwa na nani.