Mzigo wa magonjwa ya akili duniani

Mzigo wa magonjwa ya akili ni kipimo cha hasara ya kiafya inayoletwa na maradhi kama sonona, wasiwasi uliopindukia na skizofrenia. Zamani takwimu za afya zilitegemea zaidi hesabu ya vifo, na kwa kuwa sonona ni nadra kuandikwa kwenye cheti cha kifo, ilionekana tatizo dogo. Mambo yalibadilika miaka ya 1990, watafiti Christopher Murray na Alan Lopez walipojumlisha miaka inayopotea kwa kufa mapema na ile ambayo mtu huishi na maradhi au ulemavu. Kwa hesabu yao ya mwaka 1990, sonona ilishika nafasi ya nne duniani kati ya visababishi vya mzigo wa magonjwa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 970, yaani mmoja kati ya wanane, walikuwa na ugonjwa wa akili. Hata hivyo, serikali hutenga kwa afya ya akili takriban asilimia 2 tu ya bajeti za afya, kiasi cha aibu. Wenye magonjwa makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, mara nyingi kwa maradhi ya mwili yanayozuilika.