Megan, Margaret Mdogo wa Wales

Mwaka 1902, katika mji mdogo wa Criccieth, kaskazini-magharibi mwa Wales, Margaret Lloyd George alijifungua kitindamimba wake, wa kike. Akaitwa Megan Arvon. Kwa majirani hapakuwa na fumbo: mama na mwana walikuwa wajina, ila mmoja alipewa jina zima na mwingine jina la kudekezwa.

Megan ni Margaret aliyefupishwa kuwa Meg, kisha akatiwa kiishio cha Kiwelisi cha mahaba. Margaret lenyewe lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni lulu. Ndilo jina ambalo Watanzania wengi huliandika Magreth. Basi Megan wa Criccieth, Magreth wa Moshi na Lulu wa Pwani wote wamepewa kito kimoja.

Kwa muda mrefu jina Megan lilikuwa la nyumbani tu. Kwenye daftari la kanisa mtoto aliandikwa Margaret au Marged. Mwishoni mwa karne ya 19 wazazi wa Wales walianza kuliandika rasmi, na bintiye Lloyd George akalifikisha bungeni.

Baba yake, David, alikuwa waziri wa fedha wa Uingereza tangu 1908 na waziri mkuu tangu 1916, hivyo Megan alikulia Downing Street, mtaa wa makazi rasmi ya viongozi hao jijini London, huku nyumbani wakizungumza Kiwelisi. Mwaka 1929 kisiwa cha Anglesey kilimchagua, akawa mwanamke wa kwanza kuwa mbunge kutoka Wales. Alikuwa na miaka 27. Hadi mwaka uliotangulia, sheria ilimnyima mwanamke wa umri huo hata haki ya kupiga kura, ingawa ilimruhusu kugombea. Sheria ya ajabu kweli! Alishindwa mwaka 1951, akahamia chama cha Labour mwaka 1955, akarudi bungeni kupitia jimbo la Carmarthen mwaka 1957. Alifariki mwaka 1966 akiwa mbunge.

Jina likavuka bahari. Huko Marekani wengi walilidhani la Kiayalandi, wakalichomekea herufi h: Meghan. Mke wa Mwanamfalme Harry, aliyezaliwa California mwaka 1981, analiandika hivyo, ingawa jina lake la kwanza ni Rachel. Mwanasoka Megan Rapinoe, bingwa wa dunia mwaka 2015 na 2019, hana h hiyo. Pacha wake, ajabu, anaitwa Rachael.