Ushahidi wa kesi za uchaguzi (Lubumbashi)
Lubumbashi, kama kwingine Kongo, karatasi inayobishaniwa zaidi ni PV: fomu ya hesabu inayotiwa sahihi kituoni na wasimamizi na mashahidi wa vyama. Nakala hubandikwa nje, watu huipiga picha kwa simu. Kiapo au mahojiano ya wapiga kura huja baadaye, na ni rahisi kuyapinga.

Desemba 30, 2018 Wakongo walipiga kura ya rais. Tume ya uchaguzi, CENI, ikampa Félix Tshisekedi asilimia 38.57 ya kura. Maaskofu Wakatoliki wa CENCO, wenye waangalizi wapatao 40,000, walisema hesabu hiyo hailingani na yao. Mgombea mpinzani Martin Fayulu, aliyeungwa mkono na Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga, aliomba kura zihesabiwe upya. Mahakama ya Katiba ilimkatalia Januari 2019.

Udhaifu wa viapo ulionekana kwingine pia: Kenya, katika kesi ya uchaguzi wa rais ya mwaka 2022, Mahakama ya Juu ilikemea vikali hati za kiapo zenye uongo.