Reli, Zawadi na Maskini: Asili ya Mipaka juu ya Kipato cha Uhakika nchini Marekani

Mnamo Juni 2023 wilaya ya Harris, ambamo umo mji wa Houston katika jimbo la Texas, iliamua kuzipatia kaya 1,928 zenye kipato duni dola 500 kila mwezi kwa miezi 18, bila sharti lolote la matumizi. Maombi yalizidi 82,000, ikabidi watu wachaguliwe kwa kura. Fedha hizo, dola milioni 20.5, zilitokana na msaada ambao serikali ya Washington ilizigawia serikali za mitaa mwaka 2021 kwa sababu ya uviko. Aprili 2024 mwanasheria mkuu wa jimbo, Ken Paxton, alifungua mashtaka. Tarehe 23 ya mwezi huohuo, malipo ya kwanza yakiwa karibu kutolewa, Mahakama ya Juu ya Texas iliyasimamisha.

Wengi wameona hapa ugomvi wa vyama tu, kwa kuwa wilaya iko mikononi mwa Wademokrati na jimbo mikononi mwa Warepublikani. Ugomvi huo upo, wala hatuukani. Lakini silaha iliyotumika ni ya zamani zaidi, na yafaa tuulize ilifuliwa kwa ajili ya nani.

Katikati ya karne ya 19 miji na wilaya nyingi za Marekani zilikopa fedha ili kuyasaidia makampuni ya reli, kila mmoja ukihofia kuachwa kando ya njia. Makampuni kadha yalifilisika, reli nyingine hazikujengwa kamwe, na deni likabaki shingoni mwa walipa kodi. Kutokana na uchungu huo majimbo mengi yaliandika katika katiba zao marufuku ya kugawa mali ya umma. Katiba ya Texas ya mwaka 1876, kifungu cha 3, sehemu ya 52, inalikataza bunge kuiruhusu wilaya au mji kumpa fedha za umma mtu binafsi, chama au kampuni. Ajabu ni kwamba katiba hiyohiyo ililiachia jimbo lenyewe kuyapa makampuni ya reli ardhi ya umma, hadi maili 16 za mraba kwa kila maili moja ya reli. Ugawaji huo ulikoma mwaka 1882.

Basi, dola 500 zile ni nini? Kiswahili kinatofautisha zawadi, sadaka na ruzuku, na kesi nzima yaweza kusomwa kama mabishano juu ya jina. Jimbo lilisema ni zawadi, isiyodai chochote kwa anayepokea. Wilaya ilijibu kwamba kaya isiyofukuzwa nyumbani kwa kukosa kodi ni faida ya umma mzima. Mahakama, katika uamuzi wa Juni 14, 2024 ulioandikwa na jaji James Blacklock, haikumaliza hoja hiyo. Ilizuia malipo wakati kesi inaendelea, ikisema kuna shaka kubwa kuhusu uhalali wake. Kipimo chake kinadai pamoja na mengine kwamba serikali inayotoa fedha idhibiti matumizi yake. Kwa hiyo uhuru wa mpokeaji, ambao watetezi wa mpango waliujivunia, ndio uliogeuka ushahidi dhidi yao.

Iowa ilipita njia fupi zaidi. Huko, mwaka 1868, hakimu John F. Dillon alitamka kwamba serikali za mitaa ni viumbe wa bunge la jimbo: lililoziumba laweza kuziangamiza. Kesi ilikuwa kati ya mji wa Clinton na kampuni ya reli, na mji ulishindwa. Mwaka 2024 bunge la Iowa lilizikataza wilaya na miji kutoa kipato cha uhakika. Idaho na South Dakota zilifanya vivyo hivyo mwaka huo. Hapakuhitajika kesi.

Harris ilijaribu tena. Agosti 2024 ilipitisha mpango mpya wa fedha zilezile, safari hii kwa kadi inayolipia mahitaji yaliyotajwa tu, kama chakula na nyumba. Paxton alishtaki tena, na sheria ya msaada wa mwaka 2021 ilidai fedha zote ziwe zimepangiwa matumizi kabla ya Desemba 31, 2024.