Ghala za Kahawa za Bukoba na Reli Isiyofika

Bukoba haikupata kamwe kuwa na reli. Walakini ghala za kahawa zilizosimama karibu na ufuko wake ziliishi kwa reli, kwa kuwa gunia lililolazwa ndani yake lilikuwa likingoja meli ya kulivusha Ziwa Victoria hata likutane na behewa. Ndiyo maana tarehe ya majengo hayo ni tarehe ya njia, na zaidi ya hapo ni tarehe ya mizani: ni nani aliyepima, na ni nani aliyepanga bei.

Zamani kahawa ya Wahaya, amwani, haikuwa bidhaa ya bohari. Ilichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, ikakaushwa na kutafunwa, ikakirimiwa mgeni, na punje zake zikatumika katika kula yamini ya udugu wa damu. Na upandaji wake ulikuwa chini ya amri ya wakama, wafalme wa Buhaya. Emin Pasha alipoasisi kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, biashara ya fedha ilianza kuota mizizi, na jengo la Duka Kubwa lingali ushahidi wa enzi hizo.

Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, mazao ya himaya ya Wajerumani yakawa yanatoka kwa meli za Waingereza, yakielekea Mombasa. Meli hizo hizo, Winifred miongoni mwake, ndizo zilizoleta askari wa Waingereza mwezi Juni 1915, wakauteka mji na kuuvunja mnara wa simu ya upepo. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza, na shehena ikapata mlango wa pili, wa kuelekea Dar es Salaam. Baadaye Kemondo, katika njia iendayo Muleba, ikapata gati la meli zibebazo mabehewa, hata behewa lenyewe likaweza kutia nanga Buhaya.

Lakini njia njema haikumletea mkulima insafu. Mtu wa Kamachumu au Nshamba aliyebanwa na kodi, ada ya shule au maradhi, aghalabu aliiuza kahawa yake ingali maua, kwa mkataba uitwao butura, hata gunia lilipoingia ghalani mali ilikwisha kuwa ya mwingine. Dhidi ya dhuluma hiyo Mhaya aitwaye Klemens Kiiza na wenzake walijaribu kuwaunganisha wakulima kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Na mwaka 1937 kanuni za serikali kuhusu kilimo cha kahawa zilizusha ghasia. Hatimaye, mwaka 1950, Bukoba Native Co-operative Union iliundwa: chama cha msingi kikapokea kahawa ya maganda kijijini, na ghala likawa la wale waliolima. Serikali ilivifuta vyama vikuu mwaka 1976, kisha sheria ya 1982 ikavirejesha, na leo Kagera Co-operative Union (KCU) ndiyo mrithi wa amana hiyo.

Tetemeko la ardhi la Septemba 10, 2016 lilituonyesha jinsi kuta za Bukoba zinavyoweza kupasuka ghafula. Basi halmashauri na vyama vya ushirika vina dhima ya kuziorodhesha ghala zilizosalia, na kuhifadhi pamoja nazo madaftari ya mizani na masimulizi ya makarani na makuli wazee. Kwa maana ukuta peke yake hauwezi kumweleza kijana wa Muleba kwamba haki ya kupima jasho lake ilidaiwa na babu zake, wala haikutolewa bure.