Magnetoensefalografia

Magnetoensefalografia ni upimaji wa uga wa sumaku unaotokana na umeme wa ubongo. Jina hilo limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya sumaku, ubongo na kuandika. Kwa Kiswahili laweza kuelezwa kuwa upimaji wa usumaku wa ubongo. Tafsiri kama "kipimo cha ubongo kwa sumaku" haifai, kwa kuwa inaelekeza kwenye MRI, ambayo humlaza mgonjwa ndani ya sumaku kubwa. Hapa mgonjwa haelekezewi sumaku yoyote. Sumaku inayopimwa ni yake mwenyewe.

Seli moja ya neva haipimiki kwa njia hii. Uga huonekana nje ya fuvu pale maelfu kwa maelfu ya seli zilizopangika sambamba zinapofanya kazi kwa wakati mmoja, na hata hapo hufikia takriban femtotesla 100 tu. Uga wa dunia unauzidi zaidi ya mara milioni 100. Lifti ya jengo au gari linalopita barabarani hutosha kuuvuruga, ndiyo maana kipimo hufanyika katika chumba chenye kuta za aloi ya nikeli na chuma.

Mwanafizikia David Cohen aliunasa uga huo mwaka 1968 kwa koili ya waya, na ilimbidi atafute wastani wa mawimbi mengi ili kuutenga na kelele. Mwaka 1972, akiwa katika chuo cha MIT nchini Marekani, alitumia SQUID, kihisi ambacho hupitisha umeme bila ukinzani kikipozwa sana. Upoaji huo ndio kikwazo. Vihisi huzamishwa katika heliamu ya kimiminika yenye nyuzi 269 chini ya sifuri, ndani ya kofia nzito isiyosogea. Mtoto mwenye kichwa kidogo hubaki mbali navyo, na akitikisika kipimo huharibika.

Vihisi vipya havihitaji baridi hiyo. Kila kimoja kina kichupa cha mvuke wa rubidiamu unaomulikwa kwa leza. Pasipo uga, mwanga hupenya kwa wingi. Uga ukitokea, atomi hugeuka na mwanga hupungua. Vihisi hivi ni vidogo kiasi cha kupachikwa kwenye kofia nyepesi inayogusa kichwa. Mwaka 2018, watafiti wa Nottingham na London walionyesha kuwa mvaaji anaweza kutikisa kichwa, kunywa na hata kudundisha mpira mdogo kwa kibao huku akipimwa.

Kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, ni rahisi zaidi na nacho hufuata mabadiliko ya milisekunde, lakini fuvu huyatawanya mawimbi ya umeme. Uga wa sumaku hulipita fuvu karibu bila kubadilika. Kwa sababu hiyo madaktari hutumia magnetoensefalografia kutafuta chanzo cha kifafa kisichotulizwa na dawa, kabla ya upasuaji. Chanzo kikiwa ndani sana ya ubongo, hata hivyo, uga wake hufifia, na huenda usionekane kabisa.